Ukienda Bugando kwa Mionzi, Litunze Tumbo

Mama aliyekutwa na saratani ya mlango wa kizazi, awe anatoka Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu au Busega, huwa na safari moja ndefu mbele yake: Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Bugando, jijini Mwanza. Huko humngoja wiki 5 hivi za mionzi, Jumatatu hadi Ijumaa, dakika chache kila siku juu ya kitanda cha mashine. Wengine hupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kabla ya kuondoka, ukoo hukaa kikao kuhusu nauli, mahali pa kufikia, nani abaki na watoto na nani amalizie pamba shambani. Tumbo halizungumziwi. Halafu inaingia wiki ya pili au ya tatu ya tiba, tumbo linachafuka, mgonjwa anaendesha mara 5, mara 6 kwa siku, anaishiwa nguvu, na wapo wanaofungasha na kurudi nyumbani tiba ikiwa nusu.

Nawaandikia wagonjwa hao na wanaowauguza. Swali ambalo huulizwa sana kwenye mabenchi ya kliniki ni la mtindi: je, maziwa ya mgando yanalikinga tumbo dhidi ya mionzi? Na vile vidonge vya bakteria wanavyouza maduka ya dawa ya mjini, vina maana au ni kuliwa fedha tu? Jibu langu ni kwamba vinaweza kusaidia, kwa kiasi, na kwa masharti. Masharti ndiyo yenye kazi.

Tuanze na kinachotokea tumboni. Mionzi ya nyonga hulengwa kwenye uvimbe, ila utumbo mwembamba, utumbo mpana na puru viko jirani, na jirani hakosi kufikiwa na cheche. Utando wa ndani wa utumbo mwembamba ni moja ya sehemu za mwili zinazojijenga upya haraka sana: seli huzaliwa chini kwenye vishimo vyake, hupanda juu, hufanya kazi, hubanduka, yote hayo ndani ya siku 3 hadi 5. Mionzi hushambulia zaidi seli zinazogawanyika. Kwa sababu hiyo inaiua saratani, na kwa sababu hiyo hiyo inaziua seli mama za utumbo. Siku za kwanza mgonjwa haoni kitu kwa kuwa seli za zamani bado ziko kazini. Zikibanduka bila warithi, utando unakonda. Maji ya chakula hayafyonzwi vizuri. Nyongo, ambayo kwa kawaida hurudishwa mwilini, inapitiliza hadi utumbo mpana na kuuchokoza. Kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa nacho kinapungua, ndiyo maana mtu aliyezoea kunywa maziwa mabichi tangu utotoni huanza kulalamika kwamba yanamvimbisha tumbo.

Wagonjwa wengi wa saratani hii hupewa pia dripu ya dawa iitwayo sisplatini mara moja kwa wiki, na dawa hiyo huzidisha kichefuchefu na kuharisha. Pamoja na hayo, bakteria wanaoishi utumboni huvurugika. Ni kama shamba la pamba lililokosa palizi: mazao yakidhoofika, magugu hayaombi ruhusa. Bakteria wanaosaidia kulinda utando hupungua, wale wachokozi hupata nafasi, na utando uliokwisha kukonda unazidi kuwaka.

Hapo ndipo wazo la probayotiki linapoingia. Rudisha bakteria rafiki, nao watashika nafasi, watatengeneza asidi isiyopendwa na wachokozi, watautuliza utando. Wazo zuri. Limepimwaje?

Nchini Italia wagonjwa 490 waliokuwa wakipigwa mionzi ya nyonga waligawanywa makundi mawili, moja likapewa mchanganyiko wa aina kadhaa za bakteria, jingine dawa bandia. Matokeo yalitolewa mwaka 2007: walioharisha walikuwa asilimia 31.6 kwenye kundi la bakteria, na asilimia 51.8 kwenye kundi la dawa bandia. Mwaka 2010 watafiti wa Thailand wakatoa matokeo ya wagonjwa 63 wa saratani ya mlango wa kizazi, yaani wagonjwa wa aina ile ile ninayoizungumzia hapa. Waliopewa Lactobacillus acidophilus na Bifidobacterium bifidum, kuanzia siku 7 kabla ya mionzi, walipata kuharisha kwa kiwango cha kati na cha juu asilimia 9 tu. Wenzao asilimia 45. Ukisoma hayo peke yake unaweza kukimbilia duka la dawa sasa hivi.

Subiri kidogo. Hispania walijaribu kitu kinachofanana zaidi na mtindi wetu, maziwa ya kunywa yaliyochachushwa kwa bakteria aina ya Lactobacillus casei. Idadi ya walioharisha haikupungua. Choo kilikuwa kizito kidogo, basi. Na wachambuzi wa mtandao wa Cochrane, walipokusanya majaribio ya aina hii mwaka 2018, waliona dalili za faida lakini wakasema uhakika wake ni mdogo: majaribio mengi ni madogo, bakteria waliotumika ni tofauti, dozi ni tofauti. Jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa huduma saidizi kwa wagonjwa wa saratani, MASCC, inapendekeza tu kwamba bakteria wa jamii ya Lactobacillus wanaweza kutumika kuzuia kuharisha kwa wagonjwa wa saratani za nyonga. Wanapendekeza, hawalazimishi.

Kanda ya Ziwa ina somo lake kuhusu jambo hili, na nadhani halijatangazwa vya kutosha. Mwaka 2004, mtaa wa Mabatini jijini Mwanza, kikundi cha akina mama cha Tukwamuane kilianza kutengeneza mtindi wenye bakteria maalumu, Lactobacillus rhamnosus GR-1, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Uliitwa Fiti, na ulilengwa hasa kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Tafiti za mwanzo zilileta matumaini kwamba kinga ya wanywaji inapanda. Majaribio yaliyodhibitiwa zaidi hayakuonyesha kwamba bakteria wale ndio walioipandisha. Lakini wanywaji walipata protini na nguvu, na akina mama walipata kipato. Ninaupima mtindi wa mgonjwa wa mionzi kwa mizani hiyo hiyo: kwanza ni chakula chenye protini kinachopita kooni hata siku ambayo ugali haupiti, sukari yake ya maziwa imekwisha kupunguzwa na bakteria kwa hiyo tumbo linaukubali kuliko maziwa mabichi, na juu ya hayo kuna uwezekano wa kupunguza kuharisha. Kwa chakula, hiyo ni faida ya kutosha. Anayekuuzia kwa jina la dawa ya saratani anakuibia.

Sasa, mtindi upi? Hapa naomba wafugaji wa Meatu na Itilima wanivumilie. Maziwa yanayoingia sokoni asubuhi kwa madumu ya plastiki nyuma ya pikipiki, yakaachwa yagande yenyewe, ni matamu na yana bakteria hai tele. Lakini hakuna aliyewachagua bakteria hao wala kuwahesabu. Kama ng'ombe ana brusela au kifua kikuu, vijidudu vyake vimo humo, na ugandaji hauviui vyote. Mtu mzima mwenye afya anaweza kunusurika. Mgonjwa ambaye utando wa utumbo wake umekonda na chembe nyeupe za damu zimeshuka hana akiba hiyo. Kibuyu kina tatizo lake pia: shingo nyembamba, tumbo pana, huwezi kukisugua ndani kikatakata. Kwa wiki hizi za tiba kiacheni kitundikwe.

Njia salama ni kuchemsha kwanza, kisha kugandisha. Chukua lita 1 ya maziwa, uyachemshe kwenye sufuria safi mpaka yafure, uendelee kuyakoroga dakika kadhaa yakiwa yanatokota. Yafunike yapoe mpaka uweze kudondoshea tone kwenye kifundo cha mkono bila kuungua. Yakiwa ya moto sana yatawaua bakteria unaowatia, yakiwa ya baridi hawataamka. Tia vijiko 2 au 3 vya chakula vya mtindi wa kiwandani usio na sukari wala ladha, uliohifadhiwa kwenye jokofu na ambao tarehe yake haijapita. Koroga, mimina kwenye chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji yanayochemka, funga, uiache usiku kucha. Asubuhi maziwa yameshikana kama uji mzito na yana uchachu laini. Kama huna jokofu, tengeneza kidogo kidogo, kinachoisha siku hiyo na kesho yake. Ukiona povu, doa la rangi au harufu ya kuoza, mwaga bila kujadiliana na mtu. Ukitaka mbegu ya kugandishia chukua tena mtindi wa kiwandani, usiendelee kuzalisha kutoka mtindi wa nyumbani mwezi mzima.

Usafi huo wa kuchemsha na kupima ndio unaowafanya watu wapende maziwa ya kiwandani. Mkoa wa Simiyu uliwahi kujaribu kuyasogeza karibu: kampeni ya wilaya moja, bidhaa moja iliipa Meatu kiwanda cha maziwa cha vijana. Ukinunua mtindi wa paketi soma maandishi. Ule unaokaa rafuni miezi bila jokofu kwa kawaida umepashwa moto baada ya kugandishwa, na bakteria wake wamekufa. Ni chakula kizuri, si probayotiki.

Kiasi? Glasi 1 asubuhi na 1 jioni zinatosha. Anza siku kadhaa kabla ya mionzi kama nafasi ipo, kwa sababu bakteria wanaopelekwa kabla ya moto wana nafasi zaidi ya wanaopelekwa nyumba ikiwa imekwisha kuungua. Ukianza kuharisha na ukaona mtindi unazidisha gesi na msokoto, uache siku mbili tatu ujipime. Usiuchanganye kwenye uji wa moto.

Kuhusu vidonge: muulize mfamasia aina ya bakteria, tarehe ya mwisho na jinsi vilivyotunzwa. Vingi vinataka ubaridi, na kaunta ya duka lenye paa la bati mwezi Oktoba haina ubaridi. Kama bei yake itakunyima nauli ya kufika kwenye mashine au yai la asubuhi, viache. Sisemi hivyo kwa kubahatisha. Nimeeleza hapo juu ushahidi ulivyo, na hautoshi kumfanya mtu auze mbuzi ili anunue vidonge.

Wapo wasiopaswa kutumia bakteria hai kabisa bila ruhusa ya daktari, na nawaomba wasome mstari huu mara mbili. Ni wale ambao chembe nyeupe za damu zimeshuka sana, wenye mpira uliowekwa kwenye mshipa mkubwa kwa ajili ya dawa, wanaoishi na virusi vya UKIMWI ambao kinga yao bado iko chini, na wenye homa isiyojulikana chanzo. Kwao, ingawa si mara nyingi, imetokea bakteria au hamira za probayotiki kuingia kwenye damu na kuleta ugonjwa mkubwa. Swali la kumwuliza daktari ni fupi: "Shikamoo daktari. Kipimo changu cha damu kinaniruhusu kutumia mtindi?" Hakuna daktari atakayekushangaa.

Bakteria nao wanataka kula, na chakula chao ni nyuzinyuzi za mboga, nafaka na kunde. Zamani mgonjwa wa mionzi ya nyonga aliambiwa aache vyote hivyo siku ya kwanza. Hospitali ya Royal Marsden ya London ilijaribu kinyume chake kwa wagonjwa 166, matokeo yakatolewa mwaka 2017: waliokula nyuzinyuzi nyingi walikuwa na matumbo yenye nafuu kuliko waliobaki na ulaji wao wa kawaida, na tofauti ilionekana hata baada ya mwaka. Kwa hiyo usiache nsansa, mchicha na choroko kwa hofu kabla tumbo halijakusumbua. Choroko na dengu zilizolowekwa usiku, maji yakamwagwa, zikapikwa mpaka zipondeke, zina gesi kidogo kuliko zilizopikwa haraka. Michembe mikavu ya kutafuna iache. Iliyochemshwa ikalainika si mbaya. Tumbo likianza kuendesha kweli kweli, badili chakula kwa muda: wali laini, viazi mviringo, ndizi mbivu, uji wa sembe, mayai, sato wa kuchemsha bila mafuta mengi. Pilipili, pombe, kahawa nyingi na nyama ya mafuta vitakutonesha. Togwa nayo ni ya familia ya mtindi, lakini ichachuke baada ya kupikwa, kwa maji yaliyochemshwa, na iwe ya siku hiyo. Ikifikia kulevya si togwa tena.

Nimekaa sana kwenye mtindi kwa sababu ndilo swali lililoulizwa, lakini linalowaangusha wagonjwa ni maji. Mtu anayeendesha mara 6 kwa siku anapoteza maji na chumvi, na sisplatini inayotolewa kwenye mwili mkavu huumiza figo. Figo zikilegea dripu inasimamishwa. Kwa hiyo beba paketi za ORS tangu Bariadi, usingoje kuzitafuta usiku Mwanza. Paketi 1 kwa lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, unywe kidogo kidogo kila baada ya choo, umalize ndani ya siku hiyo. Dawa ya kufunga tumbo, loperamidi, inasaidia sana wagonjwa wa mionzi, ila muulize daktari kwanza, na isitumike kama kuna damu kwenye choo au homa.

Jambo jingine linalokinga utumbo kuliko kidonge chochote halina gharama. Hospitali nyingi humwelekeza mgonjwa wa nyonga anywe maji kiasi fulani na asiende haja ndogo kabla ya kupanda kitanda cha mashine. Kibofu kikijaa, huusukuma utumbo mwembamba juu, nje ya njia ya mionzi. Wengine huona aibu au hofu ya kujikojolea, wakaenda kibofu kitupu bila kusema. Ukiambiwa ujaze, jaza. Ukishindwa kuzuia, mwambie mtaalamu wa mionzi kabla hajafunga mlango.

Mwambie pia muuguzi siku ile ile tumbo linapoanza, wala usingoje siku ya kuonana na daktari. Siku hiyo hiyo, bila kulala nalo, sema kama umeona damu, una homa, unaendesha zaidi ya mara 4 juu ya kawaida yako, mkojo umekuwa mchache na mweusi, au ukisimama unaona kizunguzungu. Usirudi nyumbani "kupumzika kwanza". Tiba nzima ya saratani ya mlango wa kizazi, mionzi ya nje pamoja na ile ya ndani, inatakiwa ikamilike ndani ya wiki 8, kwa sababu kila siku inayorefuka humpa adui pumzi. Kama tatizo ni fedha za chakula au malazi, ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ipo kwa ajili hiyo. Nenda mapema, na barua ya serikali ya mtaa au kijiji mkononi. Na dawa za mitishamba za "kusafisha tumbo", ziwe za kunywa au za bomba, zisiguswe wiki hizi hata kama anayezitoa ni mjomba unayemheshimu. Utando uliokonda hautaki kusafishwa.

Kwa wengi kuharisha hupungua wiki chache baada ya mionzi kuisha. Kwa baadhi hurudi, au huanza upya, miezi mingi au hata miaka baadaye: damu kwenye choo, haja ya ghafla isiyozuilika, tumbo kujaa baada ya kula. Hapo ndipo mambo yanapoharibikia vijijini. Mama anakwenda zahanati, anasema naharisha, anapewa Flagyl kwa kudhaniwa ana amiba. Mwezi unaofuata tena. Kumbe ni kovu la mionzi, au nyongo inayopitiliza, au saratani yenyewe imerudi, na Flagyl imezidi kuwaua hata bakteria rafiki waliokuwa wamesalia. Mtoa huduma hana kosa kama hakuambiwa.

Siku ya kuruhusiwa, omba muhtasari wa tiba yako: sehemu iliyopigwa mionzi, tarehe ya kuanza na kumaliza, na dawa ulizopewa. Utunze pamoja na kadi ya kliniki, na kila utakapokwenda kutibiwa tumbo, iwe zahanati ya kijijini au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Bariadi, uutoe kabla hujaulizwa.